Roboti za Japani, Sauti za Los Angeles

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kuingiza sauti kwenye filamu na katuni

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, poleni na safari, na asanteni kwa kujaa namna hii.

Nimepewa nafasi niseme juu ya kazi yenu, kazi ya kuingiza sauti, nami nimechagua kuisemea kupitia katuni moja ya roboti. Inaitwa Robotech. Ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1985, kwa Kiingereza, na watoto waliokuwa wakiiangalia waliamini wanaangalia hadithi moja ndefu, ya vizazi vitatu vya binadamu wanaopigana na wavamizi kutoka angani. Haikuwa hadithi moja. Zilikuwa katuni tatu za Kijapani zisizojuana hata kidogo, kila moja na wahusika wake, mahali pake na maadui zake. Kilichozifanya ziwe moja ni sauti. Ni waandishi wa maneno na waigizaji wa sauti, watu wa kazi hii hii mliyokuja kujifunza. Sijaona mfano mwingine unaoonyesha wazi kiasi hicho uwezo alionao mtu aliyekaa mbele ya maikrofoni, uwezo wa kujenga na uwezo wa kudhulumu. Ndiyo maana naipenda Robotech, na ndiyo maana inanikera mpaka leo.

Tuanzie kwao. Oktoba 1982, televisheni ya Japani ilianza kuonyesha katuni iitwayo Super Dimension Fortress Macross. Ilikuwa na vipindi 36, ikaisha Juni 1983. Mwongozaji wake alikuwa Noboru Ishiguro. Lakini nataka mzingatie umri wa vijana waliokuwa chini yake. Shoji Kawamori, aliyebuni ile ndege vita inayokunjua miguu na mikono ikasimama kama askari, amezaliwa mwaka 1960. Haruhiko Mikimoto, aliyechora sura za watu, amezaliwa 1959. Mari Iijima, aliyepewa nafasi ya mwimbaji Lynn Minmay, na aliyeimba nyimbo zenyewe, alikuwa na miaka 19. Wengi wenu hapa mna umri huo au mmeshaupita, kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba msubiri kwanza mkue.

Kisa kinakwenda hivi. Meli kubwa ya vita, isiyo ya binadamu, inaanguka kwenye kisiwa mwaka 1999. Watu wanatumia miaka 10 kuitengeneza. Siku ya uzinduzi wake, majitu yaitwayo Zentradi yanatokea angani kuitafuta. Nahodha anajaribu kuiokoa meli kwa kuirusha mara moja hadi mbali, mahesabu yanaharibika, na meli inaibukia huko pembezoni ilipo Pluto ikiwa imeuzoa mji mzima wa kisiwani pamoja na raia wake. Basi raia wanaujenga upya mji wao ndani ya tumbo la meli. Barabara, maduka, mgahawa wa Kichina wa jamaa zake Minmay, hata mashindano ya urembo. Vita vinaendelea nje, ndani watu wanauza chakula na kuoana.

Na hayo majitu hayajui chochote ila vita. Wanaume wanaishi peke yao, wanawake peke yao, hakuna anayeimba, hakuna anayebusu. Yanapousikia wimbo wa Minmay yanavurugika kabisa. Mwishowe silaha inayoshinda ni nyimbo za yule msichana. Mnielewe vizuri hapo: katika Macross wimbo umebeba kisa chote, ukiutoa kisa kinaanguka. Nitarudi kwenye jambo hili.

Sasa twende Marekani, maana Macross ilikutana na hesabu ya biashara. Vituo vya televisheni vya huko vilivyonunua katuni za kuonyesha kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, vilitaka zisipungue vipindi 65. Ni wiki 13, siku tano kila wiki. Macross ilikuwa na 36. Kampuni ya Harmony Gold ya Los Angeles, iliyokuwa na haki za kuiuza nje ya Japani, ilikuwa na bidhaa nzuri isiyoenea.

Kazi ya kuieneza akapewa mtayarishaji Carl Macek. Macek alichukua Macross, akaongeza katuni nyingine mbili ambazo studio ya Tatsunoko ilikuwa imeshiriki kuzitengeneza: Super Dimension Cavalry Southern Cross ya mwaka 1984, vipindi 23, na Genesis Climber Mospeada ya 1983 hadi 1984, vipindi 25. Jumlisha, unapata 84. Akatengeneza na kimoja cha kuunganishia kutokana na picha alizokuwa nazo, zikawa 85. Hata jina Robotech halikutoka kwenye hadithi yoyote kati ya hizo. Lilikuwa jina la biashara la Revell, kampuni ya vifaa vya kuunganisha vya kuchezea, na tayari lilikuwa limeshachapwa kwenye maboksi.

Macek alikuwa kama fundi cherehani aliyeletewa vitambaa vitatu visivyofanana na kuambiwa ashone gauni moja, harusi ni kesho. Tuangalie pindo zake, kwa sababu ndiko ufundi ulipo.

Pindo la kwanza ni sababu ya vita. Katika Macross, kulikuwa na watu wa kale walioitwa Protoculture, ndio walioyaumba yale majitu. Katika Robotech, protoculture ikageuzwa kuwa nishati, kitu cha thamani kinachoendesha mitambo yote, na kinachotokana na ua. Mara tu ukishakuwa na nishati ambayo kila mtu angani anaitaka, umepata jibu la swali ambalo picha zenyewe haziwezi kulijibu: kwa nini wavamizi wa aina tatu, wenye maumbo matatu tofauti, waje dunia hii hii mmoja baada ya mwingine? Wanafuata kitu kimoja. Hakuna mchoro hata mmoja uliobadilishwa kwa ajili hiyo. Ni maneno matupu, na yanashika.

Pindo la pili ni damu. Southern Cross haikutokea duniani, ilitokea kwenye sayari iitwayo Glorie. Macek akasema hiyo ndiyo dunia. Mhusika mkuu wake, askari wa kike aitwaye Jeanne, akampa jina la Dana Sterling, akamfanya binti wa rubani Max na mke wake Miriya, jitu la kike lililokubali kupunguzwa likawa na kimo cha binadamu. Kijana mwingine wa Southern Cross, Bowie Emerson, ni Mweusi. Afisa wa kike wa Macross, Claudia LaSalle, naye ni Mweusi. Wote wawili wakapewa jina la ukoo la Grant, wakawa ndugu. Ukiangalia kwa makini utaona mahali uzi unapoonekana: mtoto mchanga wa Max na Miriya ana nywele za kijani, na Dana aliyekua ana nywele za dhahabu. Mimi sioni kasoro kubwa hapo. Mtoto wa miaka tisa alipata kitu ambacho katuni za huko zilikuwa nadra kumpa, yaani kuwaona watu aliowapenda wakizeeka, na watoto wao wakishika nafasi zao.

Pindo la tatu ndilo linalonishangaza zaidi. Rubani kijana wa Macross, Hikaru Ichijo, Robotech ilimwita Rick Hunter. Ndiye shujaa wa sehemu ya kwanza. Sasa sehemu ya pili na ya tatu hazina picha yake hata moja, kwa sababu ni katuni za watu wengine. Utamfanya nini? Wakampandisha cheo. Akawa Amirali Hunter, aliyeondoka na kikosi kwenda kupigana mbali angani. Anatajwa, anasubiriwa, watu wanapigana kwa kuamini kwamba atarudi na majeshi, na hatokei. Upungufu wa picha ukageuzwa kuwa tumaini la wahusika. Hiyo ni akili kubwa, na imefanywa kwa kalamu na maikrofoni tu.

Lakini kuunganisha peke yake kusingenifanya nisimame hapa. Kilichoipa Robotech heshima ni kitu ilichokataa kukifanya, na kwa hilo lazima niwaambie habari ya jirani yake, Voltron.

Voltron ilianza Marekani mwaka 1984. Sehemu yake maarufu, ya simba watano wa chuma wanaoungana kuwa roboti moja, ilitoka kwenye katuni ya studio ya Toei ya mwaka 1981 iitwayo GoLion. GoLion ni kali. Dunia imeangamizwa kwa vita vya nyuklia, na mmoja wa marubani watano, Takashi Shirogane, anauawa mapema kabisa. Katika Voltron dunia ipo salama, na yule rubani, aliyeitwa Sven, hakufa. Ameumia, amepelekwa hospitali ya sayari nyingine. Baadaye katika GoLion anatokea mdogo wake marehemu, anayefanana naye. Voltron ikasema huyo ndiye Sven mwenyewe, amepona. Mfu akafufuliwa kwa sura ya ndugu yake. Watoto waliipenda sana Voltron, siwezi kukataa, na anayeipenda simlaumu. Ila waliomwandikia mtoto maneno hayo hawakumwamini kwamba anaweza kuhimili kilio.

Robotech iliamini. Katika Macross kuna rubani mkubwa, Roy Focker, ambaye kwa Hikaru ni kaka kuliko kaka wa kuzaliwa. Ni mpenzi wa Claudia. Kipindi cha 18, Roy anarudi kutoka vitani, anakwenda kwa Claudia kama alivyoahidi. Claudia yuko upande wa jikoni anamtengenezea saladi ya mananasi, anaongea naye bila kumtazama. Roy amekaa kwenye kochi anapiga gitaa. Vidole vinachelewa, sauti ya gitaa inakatika. Anainama mbele, anaanguka, na hapo ndipo tunaona mgongo wake umelowa damu. Alipigwa risasi angani, akaja hivyo hivyo.

Toleo la Kiingereza lingeweza kusema amezimia. Lingeweza kumpeleka hospitali ya sayari ya mbali. Halikufanya hivyo. Roy Fokker wa Robotech anakufa katika kipindi kile kile, namba ile ile, na Rick anabaki na pengo lake. Kipindi cha 27, majitu yanaishambulia dunia kwa meli mamilioni na karibu watu wote wanateketea, Robotech haikukificha. Tena msisahau kwamba Roy ni Mzungu na Claudia ni Mweusi, na huu ni mwaka 1985, katika katuni ya watoto wa Marekani. Mapenzi yao yaliachwa kama yalivyochorwa.

Sasa niseme na udhaifu wake, maana mtajifunza zaidi huko.

Japani huchora kwanza, waigizaji huingiza sauti baadaye wakitazama picha. Mdomo wa mhusika mara nyingi una maumbo machache tu: umefungwa, umefunguka nusu, umefunguka wote. Kwa hiyo mtu wa lugha nyingine hana kazi ya kufananisha kila herufi. Kazi yake ni kuanza mdomo unapofunguka na kukoma unapofungwa, na hapo katikati apate sentensi inayosemeka. Waandishi wa Robotech walijitahidi, ila waliogopa ukimya. Mahali ambapo Wajapani waliacha rubani atazame nyota, Kiingereza kinamfanya awaze kwa sauti. Mahali pa upepo tu, msimulizi anaingia kutukumbusha vita vimefika wapi. Sisi tuliokua na filamu za kibanda umiza, tukisimuliwa filamu ya Kichina kuanzia mwanzo hadi mwisho, tunalijua sana jambo hili. Msimulizi hodari ni raha. Lakini msimulizi wa kibanda umiza alijua lini aache ngumi ziongee zenyewe, na huyu wa Robotech mara nyingi hakujua.

Na nyimbo. Muziki wa Macross wa Kentaro Haneda uliondolewa, ukawekwa wa Ulpio Minucci. Hilo naweza kulivumilia, tena muziki wake wa kufungulia ni wa kusisimua. Nyimbo za Minmay pia zilitungwa upya na kuimbwa kwa Kiingereza na Rebecca Forstadt, mwigizaji aliyempa Minmay sauti. Alifanya kazi aliyopewa, na kwenye mazungumzo yuko vizuri. Ila nyimbo zenyewe hazibebi mzigo ule. Nilishawaambia kwamba wimbo ndiyo silaha inayovunja jeshi la majitu. Msikilizaji akishindwa kuamini kwamba wimbo huu unaweza kumfanya askari aangushe bunduki, kipindi cha 27 chote kinayumba. Unaweza kumpa shujaa jina lingine, unaweza kuhamisha sayari, na hadithi ikapona. Nyimbo hizi ndizo zilizotakiwa kupewa muda na pesa kuliko kitu kingine chochote katika vipindi 85, na hazikupewa.

Hata hivyo Robotech ilisafiri. Ilitafsiriwa kwa Kihispania kutoka kwenye Kiingereza, ikapendwa mno Amerika ya Kusini, na kwa watu wengi wa huko Rick Hunter ni mtu wa utotoni mwao. Macek mwenyewe mwaka 1988 alishiriki kuanzisha Streamline Pictures, kampuni iliyoleta filamu za katuni za Kijapani kwenye kumbi za Marekani. Alifariki 2010. Wapo waliomchukia hadi kaburini kwa kuchanganya kazi za watu, na wapo waliojifunza Kijapani kwa sababu yake. Najua watu wa pande zote mbili na wote wana hoja.

Hoja yangu mimi iko kwingine. Kubadilisha hadithi kunaweza kusameheka. Kufunga mlango wa hadithi ya asili, hapana. Haki za Macross ziligawanyika tangu mwanzo kati ya Studio Nue, yaani studio ya wabunifu wake, na Big West, kampuni ya matangazo, na Tatsunoko, na Tatsunoko ndiyo iliyoiuzia Harmony Gold haki za nje. Kesi zikaenda mahakamani Tokyo. Mwaka 2002 mahakama ikaamua kwamba michoro ya asili ya wahusika na mitambo ni ya Big West na Studio Nue. Mwaka 2003 ikaamuliwa kwamba filamu yenyewe ya vipindi 36 ni ya Tatsunoko. Kwa hiyo mchoro wa ndege una mwenyewe, na picha ya ndege hiyo hiyo ikiruka ina mwenyewe mwingine. Wakati huo Japani waliendelea kutengeneza Macross mpya, kama Macross Frontier ya 2008, na mgogoro ukazizuia kutoka rasmi nchi za Magharibi miaka nenda miaka rudi. Maelewano kati ya Big West na Harmony Gold yalitangazwa Aprili 2021. Kawamori aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na ushee wakati wa kuchora, alikuwa ameshafika 60.

Nyinyi mnaingia kwenye kazi hii wakati tamthilia za Kituruki, Kichina na Kikorea zinazungumza Kiswahili kila jioni majumbani. Mtapewa mikataba. Isomeni. Ulizeni picha ni za nani, sauti yenu itakuwa ya nani, na jina la aliyechora litatokea wapi. Mkiambiwa mbadilishe kisa, pimeni. Yapo mabadiliko mazuri, nimeyasifu hapa. Mkiambiwa msitaje kilikotoka, kataeni. Nalisema hili nikijua kwamba kazi ni chache na kodi ya nyumba haisubiri.

Nimalizie na habari ya Mari Iijima. Mwaka 2006, kampuni ya ADV Films ilitoa Macross kwa Kiingereza upya, vipindi vyote 36 peke yake, bila kuunganishwa na chochote. Hikaru akabaki Hikaru, Misa, yule afisa wa kike wa melini, akabaki Misa, na Protoculture wakarudi kuwa watu wa kale. Ilipofika zamu ya kumtafuta Minmay, walimwendea Iijima mwenyewe, aliyekuwa akiishi Los Angeles. Akaingia studio akamsemea kwa Kiingereza msichana yule yule aliyemsemea kwa Kijapani akiwa na miaka 19, zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita. Lafudhi ya Kijapani inasikika katika kila sentensi, na hakuna aliyejaribu kuifuta. Nyimbo ziliachwa kama alivyoziimba mara ya kwanza.

Maswali, karibuni. Tuanze na dada pale nyuma.